Hedifoni Nilizomkataza Mama wa Alto

Watu wakishajua kwamba unashughulika na spika, hawakupi nafasi ya kupumua. Mimi ndiye ninayetunza vyombo vya sauti katika ukumbi wa mikutano wa hoteli moja hapa Thongpiny, na tangu nije Juba kutoka Kenya, ni nadra wiki kuisha bila kuulizwa swali lilelile. Mlinzi wa getini ananiuliza. Mpishi ananiuliza. Wahasibu wa mashirika wanaokuja kwa semina wananivuta pembeni wakati wa chai, sura zimekunjamana utadhani wanataka kunitobolea siri ya ofisi, kumbe ni hilohilo: ninunue hedifoni, zile kubwa za kufunika sikio lote, au iafoni, zile ndogo za kupachika ndani?

Mimi hujibu kwa urefu, kwa sababu ni mtu wa kujisikia nikiulizwa jambo ninalolijua. Ukienda soko la Konyokonyo, huwaambia, utakuta iafoni za waya zimening'inizwa kibandani kwa mafungu. Zinapiga vizuri ukiwa mbele ya muuzaji. Mwezi haujaisha, sikio moja limekufa, na unaanza ile kazi ya kukunja waya karibu na pini ukitafuta pembe ambayo sauti inarudi, halafu unatembea umeinamisha shingo ili isipotee tena. Zile zisizo na waya, zinazolala ndani ya kijisanduku cha kuchaji, zina maringo zaidi. Zimechapwa nembo ya kampuni kubwa, nembo yenyewe imepinda. Ukizivaa, besi ndiyo inayotangulia, nzito, kama mtu anayepiga godoro kwa fimbo, na waimbaji wamejificha nyuma ya hilo godoro. Nzuri zipo, sikatai, lakini hizo si za bei yetu. Zile tunazozimudu wengi wetu zimetengenezwa kumfurahisha mtu pale pale anapozijaribu, basi.

Hedifoni kubwa ni habari nyingine. Zangu nilizinunua Nairobi kabla sijaja huku, za waya, nyeusi, hazina urembo wowote. Sponji zake nimeshazibadilisha, waya nimeshauunga kwa risasi ya kulehemu. Haziupambi wimbo. Wimbo ukiwa mbaya, zinaniambia ni mbaya. Ndani yake kila mwimbaji ana mahali pake pa kusimama: huyu yuko kushoto, yule nyuma kidogo, huyu amevuta pumzi, yule amechelewa kuingia. Watu wakisikia bei wanaguna, maana kwa fedha hizo unapata meza na viti vyake, lakini nikikumbuka ni iafoni ngapi nimetupa katika miaka hiyohiyo, naona ni hizo za bei rahisi zilizonifilisi. Kwa hiyo mwisho huwa nasema hivi: kama unataka kusikiliza mpira ukiwa juu ya boda, chukua ndogo. Kama unataka kumsikia mtu akiimba na umjue ni nani, chukua kubwa, hata kama itabidi usubiri.

Naeleza haya yote ili ijulikane kwamba nilipomjibu mama wa alto, sikujibu kwa kutojua.

Kwaya yetu ya Kiswahili hukutana Jumamosi katika kanisa moja la Hai Malakal. Nusu yetu ni Wakenya, watu wa benki, wa shule na wa mahoteli. Nusu nyingine ni watu wa hapa, waliokimbilia Uganda wakati wa vita wakarudi na Kiswahili cha kule, Kiswahili kisichojisumbua na mambo ya ngeli. Mama wa alto ni mmoja wao. Anauza karanga za kusaga katika soko dogo la Gurei, na Jumamosi huja kwa boda, amekaa upande, kitambaa cha kichwani cha kwaya kimekunjwa ndani ya mfuko wa nailoni kisipate vumbi. Nyimbo zetu nyingi hazina karatasi. Zilikuja vichwani mwa watu, na yeye alikuja na nyingi kuliko sisi wote, kutoka kambini alikoishi miaka mingi. Sehemu ya alto, ile sauti ya chini ya wanawake, ya karibu kila wimbo tunaouimba imepita kwanza mdomoni mwake.

Hana maneno mengi ya kufundishia. Anakuimbia tu, tena na tena, mpaka wewe mwenyewe uchoke kukosea. Wanawake wote wa alto walifundishwa hivyo, hata yule mwalimu mdogo wa chekechea mwenye sauti nyororo ambaye siku hizi kila mgeni akija anauliza ni nani. Wakikosea hawakaripii. Anacheka, anasema "malesh", pole, na anaanza upya kana kwamba kosa lilikuwa lake.

Lakini umri umemfikia. Aliugua homa ya muda mrefu, na alipopona sauti ilirudi inatetemeka. Noti za juu hazifikii tena. Anazisogelea kutoka chini, anatua kabla hajafika, na anaendelea na wimbo bila wasiwasi. Kanisani hilo halimdhuru mtu. Tuko wengi, kuna ngoma, kuna makofi, na sauti yake inapita katikati ya zetu.

Tatizo lilianza tulipoamua kurekodi. Wote waliniangalia mimi, na mimi, kwa vile ninavyojisikia, nikasema hilo dogo. Tukasafisha stoo ya kanisa, tukaegemeza magodoro ukutani ili sauti isirudi. Nina maikrofoni moja tu ya maana, kwa hiyo ilibidi waimbe mmoja mmoja, kila anayeingia akivaa hedifoni zangu asikie kinanda, na ndege ikipita kwenda uwanjani tunasimama hadi iishe. Katika alto, mama ndiye aliyerekodi wa kwanza. Hilo halikuhitaji kujadiliwa. Wenzake walipoingia baada yake, niliwapigia sauti yake pamoja na kinanda, ili wamfuate kama walivyozoea kumfuata. Waliimba wote wakiwa na yeye masikioni.

Kurekodi namna hiyo kuna faida yake. Kila mtu anabaki kwenye mstari wake katika kompyuta, na unaweza kumpandisha, kumshusha au kumzima kabisa bila kumgusa jirani yake. Mwalimu wa kwaya, Mkenya mwenzangu, alisikiliza kazi ilipokuwa bado mbichi akanishika bega.

"Mama pale juu anajitokeza," alisema. "Mshushe kidogo. Kidogo tu."

"Sawa, mwalimu."

Nilimshusha kidogo. Bado nikamsikia. Nikamshusha tena, na bado alikuwepo, ule mtetemo mdogo pembeni ya wimbo. Mtu mwingine asingeusikia. Kwenye simu asingeusikia kamwe. Lakini nilikuwa nimevaa hedifoni ambazo hazifichi kitu, na nilikuwa nimejivunia masikio yangu mbele ya watu wote. Nilitaka kazi safi. Nikabonyeza pale pa kuzima mstari wake, nikaucheza wimbo tangu mwanzo, na ulikuwa safi kweli. Nikauacha hivyo. Mwalimu alipousikiliza kwenye simu yake alisema sasa umekaa sawa kabisa, tena alimsikia mama vizuri. Sikumsahihisha.

Kitu kimoja tu hakikufichika, na hicho nakijua mimi peke yangu. Mama huingia nukta moja kabla ya wenzake. Ndivyo alivyowazoesha: yeye anaingia, wao wanafuata. Sasa nilipomzima, pakabaki kinafasi kidogo kwenye kiitikio, na wale wanawake wote wanaingia nyuma ya mtu ambaye hayupo. Kwa iafoni husikii. Kwa hedifoni zangu nasikia kila mara, na tangu siku ile sijaweza kuusikiliza wimbo huo hadi mwisho.

Wimbo ulipendwa kuliko tulivyotarajia. Ulipita kwenye simu, ukaingia kwenye memori kadi, ukapigwa kwenye harusi ya watu tusiowajua. Nilikwenda Gurei kununua karanga nikakuta mama anaupiga kibandani, simu yake ameiweka ndani ya bakuli la bati ili sauti iwe kubwa. Aliponiona aliinua kidole nisiseme kitu.

"Ngoja, mtoto yangu. Inakuja. Hapa. Hii sauti hapa ni mimi."

Ilikuwa sauti ya yule mwalimu wa chekechea. Laini, imenyooka, imefika juu bila jasho. Mama alikuwa anaangalia bakuli lile kwa furaha ambayo sijui niifananishe na nini, na mwanamke wa kibanda cha pili akasema, "Ni yeye, anatuambia kila siku." Wote wawili wakanigeukia mimi, mtu wa sauti. Nikatikisa kichwa kukubali. Mama akacheka, akasema "malesh, mimi najisifu", akanijazia kopo la karanga hadi likamwagika na kukataa nisimwongezee pesa. Nilipofika nyumbani nilizipaka kwenye mkate, kisha nikaurudisha mkate sahanini. Nilizigawa kwa majirani.

Ningeweza kuyamaliza siku hiyohiyo. Kazi ya kumrudisha ni ya kubonyeza mahali pamoja. Lakini wimbo ulikuwa umeshasambaa, na kumrudisha kungekuwa kukiri kwamba aliondolewa, na mwalimu angeniuliza nilipewa ruhusa na nani. Nikajiambia hakuna aliyeumia. Mama anafurahi, kanisa linafurahi, acha mambo yalale.

Hayakulala. Jumamosi moja baada ya mazoezi mama alinisubiri mlangoni, kitambaa ameshakikunja.

"Mkwe yangu anatoka Kampala mwezi hii," alisema. "Anauliza mimi nataka zawadi gani. Mimi namwambia, nataka kitu ya kusikia mimi mwenyewe. Simu inapiga kelele tu. Mimi naimba tangu iko mtoto mdogo, lakini sijasikia vizuri mimi naimba namna gani. Sasa wewe niambie. Alete ile kubwa kama yako, ama alete ile ndogo ya kuingiza?"

Ndilo swali ninaloulizwa kila wiki, na jibu lake ninalo ulimini. Kama unataka kumsikia mtu akiimba na umjue ni nani. Hapakuwahi kuwa na mtu aliyelistahili jibu hilo kuliko yeye. Nikamwona akiwa amevaa hedifoni nzuri, ametulia kitini kwake, anajitafuta kwenye kiitikio, anarudia, anajitafuta tena, na pale alipopaswa kuwa anakuta kile kinafasi.

"Zile ndogo, mama," nilisema.

"Lakini ile yako siku ile. Kinanda ilikuwa kama iko ndani ya kichwa yangu."

"Zile ni za kazi. Kubwa zina joto, hasa kwa jua la hapa. Zitakubana juu ya kitambaa. Zina waya mrefu, na simu nyingi za siku hizi hazina tundu la waya. Vumbi likiingia kwenye sponji, kuzisafisha ni shughuli. Na mkwe naye utamtia gharama bure. Ndogo ni nyepesi, unaweka mfukoni, unakaa nazo kibandani huku unauza."

"Na nitasikia mimi?"

"Utasikia, mama."

"Kwes," alisema, basi ni vizuri. "Wewe ndiyo unajua."

Hakuna neno hata moja nililosema kuhusu joto, waya na vumbi ambalo si kweli. Ningeulizwa na mtu mwingine ningesema yaleyale, kisha ningemwambia anunue kubwa. Nilimwangalia akipanda boda, akanipungia mkono, na nilijichukia kwa namna ambayo sikuitarajia. Kumzima kwenye kompyuta nilikuwa nimefanya peke yangu, na mlango umefungwa. Hili nilimfanyia usoni pake, na akanishukuru.

Mkwe alileta iafoni zisizo na waya, nyeupe, ndani ya kijisanduku kinachong'aa. Mama alikuja nazo mazoezini akanipa nimfungulie na kuziunganisha na simu. Masikio yake ni madogo na kila nilipozipachika ziliteleza. Tulipofanikiwa, alisimama wima katikati ya kanisa akiwa ameshika masikio yote mawili kwa vidole, anasikiliza. Nilimtazama usoni. Alikunja uso, akasikiliza tena, akazitoa.

"Ngoma nasikia," alisema polepole. "Watu, hapana. Watu iko mbali."

"Utazizoea, mama."

"Labda."

Jumamosi iliyofuata alikuja kwa kuchelewa na kusimama safu ya nyuma. Iliyofuata hakuja. Mwalimu alituambia kwamba mama amempigia simu, amesema anapumzika, na pengine hatarudi kwenye kwaya. Baada ya mazoezi nilimuuliza mwalimu sababu, huku nikiomba isiwe ile niliyokuwa naiwaza.

"Anasema masikio yake yameisha," mwalimu alisema. "Amesema mtu wa sauti amemchagulia kitu kizuri, mkwe amenunua kipya, wimbo ni mzuri, sasa kama yeye hasikii, basi ni masikio. Na mtu ambaye hasikii hawezi kuwapa wenzake sauti, atawapoteza. Nimemsihi. Amekataa."

Nilikaa kwenye benchi kama mtu aliyepigwa. Hakuwa amenishuku hata kidogo. Katika watu wote na vitu vyote vilivyohusika, kitu pekee alichokishuku ni mwili wake mwenyewe. Na alto wakaanza kuyumba. Jumamosi hiyo na iliyofuata waliingia wakitazamana, kila mmoja akingoja mwenzake atangulie, na yule mwalimu wa chekechea, pamoja na sauti yake yote nzuri, alikuwa anatazama mlangoni. Mimi huimba besi, nasimama nyuma, naona yote. Mwalimu akasema tutazoea. Nilikuwa nimeshalisikia neno hilo, tena kinywani mwangu.

Roho ilinisuta hadi kazini. Nikawa nafunga nyaya za ukumbini nikikosea, maikrofoni zinapiga mluzi mbele ya wageni, meneja ananikodolea macho. Nyumbani nilikuta hedifoni zangu zimening'inia msumarini nikazigeuza zitazame ukuta, upuuzi mtupu. Dawa ya ugonjwa wa mama ilikuwa mkononi mwangu, na haukuwa ugonjwa. Wakati huo yeye alikuwa anajiandaa kuishi kama mtu kiziwi.

Mwishowe nikafungua ule wimbo. Nikamrudisha. Nikampandisha mpaka pale ambapo angekuwa tangu mwanzo kama ningefanya nilichoambiwa, kisha nikampandisha kidogo zaidi. Kinafasi kile kikajaa, na wale wanawake wote wakawa na wa kumfuata. Kisha siku yangu ya mapumziko nikaweka kompyuta na hedifoni kwenye begi, nikapanda boda kwenda Gurei, na njia nzima nilikuwa napanga maneno. Nilipanga kuanza na masikio: mama, masikio yako ni mazima. Halafu iafoni: nilikushauri vibaya, kwa makusudi. Halafu wimbo. Nilijua mpangilio wote kwa moyo kabla sijashuka.

Nilimkuta uani kwake, chini ya kivuli cha mabati, anachambua karanga kwenye ungo. Alinisalimia salamu zote, kazi, nyumbani, Kenya, wazazi, na zote nikazijibu. Akaniwekea kiti cha plastiki na chai nyeusi yenye tangawizi nyingi. Hakulalamika kuhusu kitu chochote. Aliuliza tu alto wanaendeleaje, na nilipomwambia wanayumba, alitikisa kichwa kwa huzuni na kuendelea kuchambua.

"Mama, nimekuja na zile kubwa," nilisema. "Na nimekuja na wimbo wetu. Lakini si ule ulio kwenye simu. Huu una watu wote."

Nilidhani atauliza maana yake. Hakuuliza. Alifuta mikono kwenye gauni, akainamisha kichwa nimvishe, na zile hedifoni zikakaa juu ya kitambaa chake bila shida yoyote. Hazikumbana. Nikachomeka waya, nikauanzisha wimbo.

Kwanza alifumba macho. Halafu mkono wake ukainuka taratibu na kubaki hewani.

"Nasikia," alisema, kwa ile sauti kubwa ya mtu ambaye hajui anapaza sauti. Jirani akachungulia juu ya ua wa nyasi. "Nasikia watu. Huyu, na huyu, na huyu. Masikio yangu haijaisha. Yote iko mazima."

Machozi yalimtoka na hakuyafuta. Mimi nilitazama ndani ya kikombe changu. Niliona kwamba sehemu ya kwanza ya maneno yangu imeshasemwa, bila mimi, na kwamba sasa ilikuwa zamu ya zilizobaki. Nikavuta pumzi. Kiitikio kikaingia, na nikaona uso wake unabadilika.

"Iko mama moja hapa," alisema.

Nikaweka kikombe chini.

"Mama moja mzee. Huyu kwa simu sikumsikia. Anatetemeka. Juu hafiki."

Wimbo wa kwenye simu alikuwa ameusikiliza mara nyingi, na ndani yake alikuwa ameshajichagulia sauti, ile laini inayofika juu. Hata sasa alikuwa anaisikia, iko palepale, na aliamini ni yake. Hii nyingine, kwake, ilikuwa ya mtu mwingine. Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilingoja, na nitasema ukweli nilikuwa nangoja nini: nilikuwa nangoja aniambie nimtoe. Nilitamani aseme mama huyu anaharibu wimbo, mtoe. Angesema hivyo, ningekuwa na mwenzangu katika kosa hili.

Alisikiliza hadi kiitikio kikaisha, kichwa amekiinamisha upande, kama anavyofanya mazoezini mtu mpya anapoimba.

"Wimbo anajua vizuri, huyu," alisema. "Anaingia vizuri kabisa. Iko tu na uoga pale juu, ama alikuwa mgonjwa. Jumamosi mimi narudi. Wewe mwambie huyu mama asimame na mimi, karibu kabisa, bega kwa bega. Asiogope. Mimi nitamshika."

Kiitikio kikarudi, naye akaanza kuimba. Alikuwa anamwimbia yule mama, anamwonyesha njia. Kwenye kioo cha kompyuta niliona mstari wake unapanda, na mdomoni mwake niliisikia sauti hiyohiyo ikipanda, ikitetemeka palepale, ikitua chini kidogo palepale, na akatabasamu kama mtu anayemtia mwenzake moyo.

"Mama," nilisema, "huyo ni wewe."

Zile hedifoni zinaziba vizuri. Nilisema nikijua hasikii. Aliimba hadi mwisho, akazivua kwa mikono miwili, akanirudishia, kisha akaniuliza, "Utamwambia?"

"Nitamwambia, mama," nikasema.